Amana ya Meno, na Hisabu ya Mazoea Madogo kwa Vijana

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu katika umbo zuri, akampa ulimi wa kusema, na midomo ya kusitiri, na meno ya kutafunia. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na kila afuataye mwendo wao kwa wema.

Amma baad. Mas-ala tutakayoyasema katika waraka huu ni madogo machoni pa watu, na kwa udogo wake huo hupita mbele ya wazazi na waalimu bila ya kushughulikiwa. Nayo ni haya: kijana wa kiume au wa kike, mwenye miaka 12 hata 18, ambaye meno yake yameharibika si kwa ajali wala kwa maradhi ya kuzaliwa nayo, bali kwa mazoea ya kila siku, soda mchana, pipi njiani, ubuyu wa sukari barazani, chai tamu usiku, kisha kulala na kinywa kichafu. Je, haya ni mambo ya tabibu peke yake, au yamo katika yale ambayo mtu ataulizwa mbele ya Mola wake? Na ikiwa yamo, aulizwe kwa tendo gani, ilhali hakuna pipi moja iliyopata kutoboa jino? Na aulizwe nani: kijana, mzazi, mwalimu, au muuzaji?

Twamuomba Mungu atuongoze katika jawabu.

FASLU YA KWANZA: Khabari ya jino

Wanazuoni wamesema kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Basi na tuanze kwa kulijua jino.

Mwanadamu hupewa meno mara mbili. Ya kwanza ni meno ya utotoni, nayo ni 20. Huanza kung'oka kwa kadiri ya miaka 6, na katika umri huo huo gego la kwanza la daima huota nyuma yake, kimya kimya, bila ya jino lolote kung'oka ili kulipisha. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hawalitambui. Hulidhani ni la utotoni, wakasema litang'oka tu, wakaliacha likaoza. Gego la pili huota kwa kadiri ya miaka 12. Hata afikapo miaka 13 au 14, kijana huwa ana meno 28 ya daima. Yaliyobaki ni magego 4 ya mwisho, nayo huja baada ya miaka 17, na wengine hayawaoti kabisa.

Sasa zingatia, ndugu msomaji. Katika sheria yetu mtoto huamrishwa sala afikapo miaka 7, kwa kuwa ndio umri wa kupambanua. Na akitimiza miaka 15 ya mwezi, hata kama hakuona alama nyengine, kalamu humwandikia mema yake na mabaya yake. Basi meno ya daima huja katika miaka ile ile: la kwanza pamoja na kupambanua, na safu hutimia karibu na baleghe. Hatusemi kuwa hii ni dalili ya hukumu, maana hukumu zina dalili zake. Ni mazingatio tu: meno ya utotoni mtu alikuwa kama ameazimwa, na akiyaharibu huletewa mengine, haya ya pili amekabidhiwa, wala hapana ya tatu. Wazee wetu walilijua hili waliposema, jino la pembe si dawa ya pengo.

Gamba jeupe la nje la jino ndilo kitu kigumu kupita vyote katika mwili wa binadamu, hata kupita mfupa. Lakini pamoja na ugumu wake lina unyonge mmoja. Mfupa ukivunjika huunga, na ngozi ikikatika hufunga; gamba la jino likishatoboka halioti tena mpaka kufa.

Na linatobokaje? Watu wa zamani walisema jino limeliwa na dudu. Dudu la kuonekana kwa jicho halipo. Walakini wamo vijidudu vidogo mno, wakaao katika ukoga unaogandana na meno. Hao hawali jino. Hula sukari tunayowapelekea sisi wenyewe, kisha hutoa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo iyeyushayo gamba. Kila mtu alapo au anywapo kitu kitamu, ndani ya dakika chache kinywa hugeuka kikawa kikali, na gamba huanza kupoteza madini yake. Mwenyezi Mungu ameweka dawa yake papo hapo, nayo ni mate: huosha, huvunja ukali ule, na hurudisha madini yaliyotoka. Lakini kazi hii ya mate yataka nafasi, kwa kadiri ya nusu saa hata saa moja. Na usiku mtu alalapo mate hupungua sana. Basi alalaye na sukari menoni amelala na adui ilhali mlinzi ameondoka.

Kutokana na haya utafahamu jambo ambalo wengi hawalijui: kinachodhuru zaidi si wingi wa sukari kwa mara moja, bali ni wingi wa mara. Kijana aliyekula kipande cha halua baada ya chakula, kisha akafunga kinywa chake hata jioni, amelipa jino lake pigo moja na mapumziko marefu. Na kijana aliyenunua soda moja akainywa funda kwa funda tangu adhuhuri hata alasiri, au pakiti moja ya ubuyu akaimumunya njia nzima, huyo hakulipa jino lake hata nafasi ya kuvuta pumzi. Sukari yaweza kuwa ni kadiri moja, na madhara yakawa mbali mbali. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

FASLU YA PILI: Ilimu hii ilivyopatikana

Mambo haya ya kukaribiana na kuachana kwa sukari yalithibitishwa katika nchi ya Sweden, na namna yalivyothibitishwa yahuzunisha. Karibu na mji wa Lund palikuwa na hospitali iitwayo Vipeholm, walimowekwa watu wenye upungufu wa akili. Katika miaka ya 1947 hata 1949 watu hao walilishwa sukari kwa namna mbali mbali. Wengine walipewa pamoja na mlo. Wengine walipewa tofi zilizotengenezwa makusudi zinate menoni, wakapewa mara nyingi baina ya mlo na mlo. Khabari zake zilitangazwa mwaka 1954: waliokula sukari pamoja na mlo walidhurika kidogo, na wale wa tofi za kunata meno yao yalioza kwa wingi. Hawakutakwa idhini, na wengi wao hawakuwa na akili ya kuweza kuitoa.

Baada ya hayo watu wa Sweden walishauriwa kuwapa watoto pipi siku moja tu kwa juma, siku ya Jumamosi, na shauri hilo likawa dasturi ijulikanayo katika nchi yao hata leo.

Huenda mtu akauliza: je, yafaa kuitumia ilimu iliyopatikana kwa dhulma? Jawabu letu ni kuwa dhulma ile ni dhulma, wala faida iliyotoka haiifuti; na asiyeweza kusema "sitaki" ana haki kubwa zaidi ya kulindwa, si ndogo zaidi. Lakini ilimu ikishajulikana, kuitupa hakumrudishii jino hata mmoja katika wale maskini, na kuitumia kuwakinga wengine ndiyo heshima pekee iliyobaki ya kuwafanyia.

Bali hapa pana neno zito zaidi la kujiuliza. Wale waliwalisha tofi watu wasioweza kukataa, na lililowasukuma ni kutaka kujua. Nasi twasema walikosa. Sisi twawalisha watoto wetu, ambao nao hawajui la kukataa, vitu vile vile, kwa namna ile ile, baina ya mlo na mlo, na jambo lishajulikana zamani. Basi tutajitetea kwa lipi?

FASLU YA TATU: Ni pipi ipi iliyo kosa?

Sasa tufike kwenye kiini cha mas-ala. Mtu husema: "Nionyesheni pipi iliyotoboa jino. Ya jana haikutoboa, na ya leo haikutoboa, na ya kesho haitatoboa. Ikiwa kila moja peke yake haina dhara, basi zote hazina dhara, na mimi sina kosa." Na maneno haya kwa juu yake ni kama ya haki. Kwa maneno haya haya mwanadamu hujiachia katika mambo mengi, si meno tu. Mvivu hujitetea nayo, na mwenye kukopa kidogo kidogo, na mwenye kusengenya kwa neno moja moja.

Twamjibu kwa jambo alijualo kila mwanafunzi wa fikihi ya Imamu Shafi'i. Mtu aliye katika sala akifanya mtikisiko mmoja usiokuwa wa sala, sala yake haibatiliki. Akifanya wa pili, haibatiliki. Akifanya mitatu kwa kufululiza, kwa mkono wake au mguu wake, imebatilika. Je, mtikisiko upi ulioibatilisha? Ukisema ni wa tatu, ungalikuja peke yake usingalidhuru. Ukisema ni wa kwanza, sala ilikuwa ingali sahihi baada yake. Basi hukumu haikushikamana na mmoja peke yake, bali imeshikamana na kufululiza. Na wanazuoni wetu wakaongeza: mitikisiko hiyo ikiachana, baina ya mmoja na mwengine pakawa na kituo, haihisabiwi pamoja, na sala husalimika.

Tazama jinsi mfano huu unavyolingana na khabari ya jino. Pigo moja halitoboi. Mapigo yaachanayo, baina yao mate yakapata kufanya kazi, hayatoboi. Yanayofululiza ndiyo yatoboayo. Basi yule anayeuliza "pipi ipi?" ameuliza swali lisilo mahali pake. Haulizwi kwa pipi. Aulizwa kwa mazoea, kwa sababu mazoea ni tendo lake pia. Mtu huyachagua mazoea siku ya kwanza, kisha huyakubali kila siku asipoyaacha. Bandu bandu huisha gogo. Na mwenye shoka hawezi kusema kuwa hakukata gogo kwa kuwa kila bandu lilikuwa dogo.

Lakini na tupime maneno yetu kwa uadilifu. Hatusemi kuwa pipi ni haramu, wala halua, wala soda. Asemaye hivyo amewaharamishia watu kilichokuwa halali yao. Twasema watu katika mas-ala haya ni namna tatu.

Wa kwanza ni asiyejua. Huyo ana udhuru wa kutojua, na deni li juu ya ajuaye ambaye hakumfunza.

Wa pili ni ajuaye na asiyeweza. Kijana ambaye nyumbani kwao hapana pesa ya dawa ya meno, au ambaye tabibu wa meno yuko mbali naye mwendo wa siku nzima, huyo haambiwi kuwa amevunja amana. Huambiwa afanye awezalo, na kijiti cha mswaki na maji si ghali.

Wa tatu ni ajuaye na awezaye, aonaye fizi zake zinatoka damu na gego lake limeanza kuwa jeusi, naye yuko katika mazoea yale yale kwa kuwa hataki kujikatili tamaa. Huyo hana udhuru. Mwili si mali yake ya kufujia apendavyo, na kuacha kiungo kiharibike bila ya haja ni dhara, na dhara katika sheria haikubaliwi kwa nafsi wala kwa mwengine.

FASLU YA NNE: Khasara ya pengo

Wapo wasemao, "Jino ni kitu gani? Likiuma ling'olewe." Hawa hawajui walisemalo.

Kwanza, maumivu ya jino humnyima kijana usingizi na masomo, na usaha wa jino lililooza ukiachwa huweza kuenea usoni na shingoni hata ukahatarisha roho. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, limekadiria kuwa maradhi ya kinywa yamewapata watu kiasi cha bilioni 3.5, karibu nusu ya walimwengu wote, na kuoza kwa meno ndiko kuliko mbele katika maradhi hayo.

Pili, nalo latuhusu sisi watu wa chuo zaidi: herufi za Kurani zimekaa menoni. Mwanafunzi wa tajwidi hufundishwa kuwa thaa na dhaal na dhaa nene hutoka baina ya ncha ya ulimi na ncha za meno mawili ya mbele ya juu. Faa hutoka baina ya mdomo wa chini na ncha za meno hayo hayo. Siin na saad na zaa hutaka meno ya mbele ili upate ule mluzi wake. Na ile dhaad ya mwisho wa Fatiha, ambayo watu wengi huipoteza, hutoka ubavuni mwa ulimi ukiegemea magego ya juu. Basi kijana aliyepoteza meno ya mbele katika miaka 16 amepoteza makhraj ambayo mwalimu wake alikaa miaka akimfunza. Sala yake ni sahihi, maana asiyeweza husamehewa. Lakini aliyenyang'anywa na ajali na aliyetupa mwenyewe, ijapokuwa wote ni wenye pengo, hawako sawa.

Tatu, kijana ni mwenye haya. Utamwona msichana akicheka hufunika kinywa kwa ncha ya mtandio wake, na mvulana mwenye akili hanyanyui mkono darasani asije akafungua kinywa. Na hapa hapana budi tuwaonye wenye kudhihaki. Si kila jino baya ni uchafu. Katika nchi za Bonde la Ufa, kama pande za Arusha katika Tanzania, na Nakuru na Naivasha katika Kenya, maji ya mahali pengi yana floridi nyingi kupita kadiri ya milligramu 1.5 kwa lita iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto aliyekunywa maji hayo wakati meno yake yakiumbika hutoka na meno yenye madoa ya kahawia maisha yake yote. Huyo hana kosa lolote. Amekunywa maji ya kwao. Basi usimhukumu mtu kwa kumtazama menoni. Ajuaye kama ameharibu au ameharibiwa ni yeye na Mola wake.

FASLU YA TANO: Wasemayo wenye kupinga

Akisema mtu: "Mswaki ni sunna, si wajibu, aachaye sunna hana dhambi." Twasema: ni kweli kuwa ni sunna, na imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) hakuacha kuuamrisha amri ya lazima kwa kila sala ila kwa kuuhurumia umma wake usipate mashaka. Lakini huruma ya mwenye kuamrisha si ruhusa ya kupuuza kwa mwenye kuamrishwa. Na zaidi ya hayo, mas-ala mawili yamechanganywa hapa: mswaki kama ibada ni sunna, kuulinda mwili na dhara iliyo wazi ni jambo jengine, nalo lina hukumu yake.

Akisema: "Babu zetu hawakujua dawa ya meno wala brashi, na walizikwa na meno yao." Twasema: baadhi yao ndivyo, na wengine walikufa vibogoyo. Na hao waliosalimika walikuwa na mambo mawili tuliyoyaacha. Walipiga mswaki kila waendapo kutawadha, na utamu ulikuwa wa nadra, wa arusi na maulidi na sikukuu. Kopo moja la soda la millilita 330 huwa na sukari kadiri ya gramu 35, kama vijiko 8 vya chai. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kutiwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na ikishuka hata nusu ya hapo, nayo ni kama gramu 25, ni bora zaidi. Basi kopo moja limekwisha kuipita kadiri hiyo bora, na chai bado haijanywewa. Atakaye meno ya babu yake na ashike pia mwendo wa babu yake.

Akisema: "Kuoza kwa meno ni kadari." Twasema: na kupiga mswaki pia ni kadari. Sayyidna Umar (r.a.) alipowarejesha watu wasiingie katika nchi ya Sham yenye tauni, aliulizwa swali hili hili, akafahamisha kuwa atokaye katika jambo moja kwenda jengine hakutoka katika kadari ya Mungu.

Akisema: "Mwenye kufunga hukirihishwa kupiga mswaki, basi Ramadhani nzima tumeacha." Twasema: huyu amesikia nusu ya mas-ala. Katika madhehebu yetu karaha ni baada ya jua kupinduka tu, na Imamu Nawawi mwenyewe alichagua kuwa hata wakati huo hakuna karaha. Ama kabla ya alfajiri na asubuhi, hapana khilafu katika madhehebu kuwa ni sunna kama siku zote. Na Ramadhani ndiyo miezi ya meno kuharibika kwa vijana wetu: tangu futari hata daku kinywa hakitulii, kaimati na visheti na sharbati na tende, kisha hulala juu ya daku bila ya kugusa maji. Apigaye mswaki baada ya daku amepata ibada na afya kwa tendo moja.

FASLU YA SITA: Deni li juu ya nani?

Kwa mzazi, deni huanza mapema. Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 wa Hijra), katika mlango wa kulea watoto uliomo ndani ya Ihyaa, alianza adabu za mtoto kwa chakula kabla ya mengine, kwa kuwa tamaa ya chakula ndiyo ya kwanza kumtawala. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzazi anayemnyamazisha mtoto kwa pipi kila aliapo amemfunza kuwa kila huzuni ina dawa yake dukani. Atakapofika miaka 15 ataitafuta dawa hiyo mwenyewe, na huenda asiishie kwenye pipi. Yako mirungi, ambayo hukausha kinywa, na uchungu wake huzimuliwa kwa soda na bazoka kwa masaa mengi. Iko sigara, na kuberi, na ugoro, zinazooza fizi. Na iko popoo, ambayo mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitangaza kuwa husababisha saratani kwa binadamu, hata bila ya kutiwa tumbaku.

Kwa mwalimu, na hapa twajisemea wenyewe. Imekuwa dasturi katika vyuo vingi mtoto akihifadhi sura hutunzwa pipi, na siku ya khitma hugawanywa makasha ya soda. Nia ni njema. Lakini tumemfunza mtoto kuwa malipo ya neno la Mungu ni kitu kinachoharibu kinywa alichosomea. Kalamu haipo? Kofia haipo? Mswaki wenyewe haupo, nao ni sunna? Na yule mwenye meza ya pipi mlangoni mwa chuo, yeye auza kitu halali, atafuta riziki ya wanawe, wala hatumlaumu peke yake. Wenye chuo ndio waliompa mahali. Waweza kumwambia kwa wema auze ndizi na machungwa na karanga na maji wakati wa mapumziko, nao wakamnunulia wa kwanza.

Kwa kijana mwenyewe. Ewe mwanangu, ukishabaleghe huwezi tena kusema "mama hakuniambia." Sasa umeambiwa. Na jambo utakiwalo si zito. Safisha meno mara mbili kwa siku, na ya usiku usiiache kamwe, kisha usile kitu baada yake. Tumia dawa ya meno yenye floridi ya kadiri, sehemu 1000 hata 1500 katika milioni, uteme povu bila ya kusukutua sana. Wanazuoni wetu wamesema kila kitu kikavu chenye kukwaruza na kuondoa uchafu chatosha katika sunna ya mswaki. Basi brashi yatosha, na kijiti cha mti wa mswaki ndicho bora kwa kufuata. Ukitumia kijiti, kata ncha ikichakaa, ukifikishe nyuma ya magego, usikomee kwenye meno ya mbele yaonekanayo na watu. Usisugue kwa mchanga wala mkaa, maana hukwaruza gamba. Usifungue chupa kwa meno. Utamu uutakapo, ule pamoja na mlo, umalize, unywe maji. Na jino likianza kuuma mwende tabibu siku hiyo, usingoje livimbe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KHATIMA

Tumeuliza mwanzo: aulizwe nani, na kwa tendo gani? Jawabu tuliyoiona ni kuwa kila mmoja ataulizwa kwa alichokuwa nacho mkononi. Mzazi kwa miaka ya kwanza, mwalimu kwa mfano alioutoa, jamaa ya mji kwa walichokiweka mlangoni mwa watoto, na kijana kwa mazoea yake tangu siku aliyopata akili ya kuyajua. Wala haulizwi mtu kwa punje moja. Huulizwa kwa kufululiza.

Na kama mazoea mabaya madogo hukusanyika yakatoboa kitu kigumu kuliko vyote mwilini, basi mazoea mema madogo nayo hukusanyika. Dakika mbili za mswaki kabla ya kulala ni kitu gani? Lakini mwenye kuzidumisha miaka mitano ya ujana wake huenda akafika uzeeni akaisoma Fatiha kwa meno aliyopewa na Mola wake, dhaad yake ikatoka mahali pake.

Ewe Mola wetu, tupe afya katika miili yetu, na uwatengeneze vijana wetu, na utujaalie kuzirejesha amana zako hali zimetunzwa. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amin.

Wallahu aalamu bis-sawab.